Maarifa asilia kwenye somo la mazingira: mwongozo kwa mwalimu anayeanza

Kila muhula maswali ni yaleyale. Naanzia wapi? Nimlete mzee darasani aseme nini? Silabasi itaniruhusu kweli? Wazazi wakisema tunafundisha watoto ushirikina nijibu nini? Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwaiyo leo naandika yote kwa pamoja, mwenzako akikuuliza mpe huu mwongozo na mimi mnipumzishe.

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza kujaribu hii kitu nilimwalika mzee mmoja anayejua sana mambo ya mto na samaki, nikampa dakika ishirini, nikamsimamisha mbele ya ubao, wanafunzi wakamkodolea macho kama kitu cha makumbusho, kengele ikalia bado hajamaliza sentensi. Wakati namsindikiza akaniuliza taratibu tu, "Mwalimu, mimi nilikuja kufundisha au kuonyeshwa?" Sikuwa na jibu. Hakurudi tena na sikumlaumu. Hatua nyingi hapa chini zimetokana na lile swali lake.

Nadharia nitakupa kidogo tu, manake najua umekuja kutafuta cha kufanya kesho asubuhi. Ninaposema maarifa asilia namaanisha yale ambayo watu waliokaa sehemu moja vizazi na vizazi wameyajua kwa kuangalia, kujaribu, kukosea na kurithishana. Ni kazi ya macho na kumbukumbu. Kule Kanada, mzee wa Wami'kmaq anayeitwa Albert Marshall alileta mwaka 2004 neno la lugha yao, Etuaptmumk, yaani kuona kwa macho mawili: jicho moja linatumia nguvu ya maarifa asilia, jingine nguvu ya sayansi ya shuleni, na yote mawili yanafanya kazi kwa wakati mmoja. Hakuna jicho linalomsimamia mwenzake mtihani. Ukishika hilo, mengine ni utendaji.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Mada moja ya silabasi ambayo ungeifundisha hata bila haya yote: hali ya hewa, udongo, mzunguko wa maji, bioanuwai, yoyote ile.
- Muda. Wiki mbili hazitoshi, jipange kwa miezi mitatu kwenda juu.
- Mtu wa kukutambulisha kwa wenye maarifa. Usiende peke yako kama unauza bima.
- Ruhusa ya mkuu wa shule kwa maandishi, hasa kama mtatoka nje ya geti.
- Fungu la nauli na malipo ya muda wa mzee. Mtaalamu mgeni angelipwa, na huyu ni mtaalamu.
- Daftari moja kubwa la darasa. Si la mwanafunzi mmoja mmoja, la darasa.
- Vifaa vya kupimia vya bei ya chini: kipimajoto, rula, kamba, na kipima mvua. Hiki cha mwisho mnatengeneza wenyewe, chukua chupa ya plastiki iliyonyooka ubavuni, kata sehemu ya juu uigeuze iwe mdomo wa kuingizia, weka vikokoto chini na maji kidogo mpaka usawa uwe bapa, hapo ndo sifuri yako, rula ibandike kuanzia hapo. Ukisoma milimita kwenye rula ndo milimita za mvua, hamna hesabu ya ziada mradi upana wa mdomo na wa chupa ni sawa.
- Simu ya kurekodi, ila iache mfukoni kwanza, nitakuambia lini utaitoa.

Hatua ya 1: Chagua swali moja dogo

Hapa ndo wengi wanafeli na hata hawajui kama wamefeli. Mtu anakuja na "nataka kufundisha maarifa asilia ya mazingira" yote, kama vile mtu aseme anataka kufundisha sayansi yote Jumatatu asubuhi. Chagua kitu kimoja ambacho watu husema na ambacho darasa linaweza kukiangalia kwa macho: mti fulani ukichanua mvua inakaribia, upepo ukigeuka upande fulani samaki wanasogea, udongo wenye rangi fulani haushiki maji, pete ikizunguka mwezi mvua iko njiani.

Hiyo ya pete ya mwezi nawapendekezea wanaoanza kwa sababu inajulikana sehemu nyingi sana duniani na fizikia yake iko wazi: mwanga unapinda ndani ya chembe za barafu kwenye mawingu membamba ya juu sana, pete inatokea kwenye nyuzi 22 hivi kutoka kwenye mwezi, na sehemu nyingine mawingu ya aina hiyo hutangulia mawingu ya mvua. Sehemu nyingine hayatangulii kitu. Kwenu je? Hapo tayari una swali zuri na jibu lake hulijui wewe wala watoto, na ndo raha yenyewe.

*Onyo:* kaa mbali na mitishamba ya kutibu watu. Najua inavutia, najua wanafunzi watauliza, lakini ina hatari mbili kwa mpigo, ya afya na ya wizi. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ya kutumia manjano kuponya vidonda, kitu ambacho India kilikuwa kinajulikana majumbani tangu zamani, ikabidi taasisi ya utafiti ya serikali ya India ipinge mpaka hataza ikafutwa mwaka 1997. Wasan wa kusini mwa Afrika nao walikuta mmea wao wa hoodia, wanaoutafuna kuzuia njaa wakiwa safarini, umeshawekewa hataza bila wao kuulizwa, na makubaliano ya kugawana faida yakaja baadaye sana, mwaka 2003. Daftari la darasa likipigwa picha na kuwekwa mtandaoni linaweza kuanzisha jambo kama hilo.

Hatua ya 2: Tafuta nani anajua, na nani anaruhusu

Hawa mara nyingi ni watu wawili tofauti. Anayejua anaweza kuwa mama mmoja anayevua kila siku, lakini mwenye kauli ya kuruhusu yatoke nje ni baraza au ukoo. Uliza wote. Na usidhani mjuzi lazima awe mwanaume mwenye mvi, manake kazi zimegawanyika na maarifa yanafuata kazi: anayechota maji ndiye anajua chemchemi inapungua lini, anayechunga ndiye anajua nyasi. Kijana wa miaka ishirini aliyekulia kwenye mtumbwi anaweza kukuzidi wewe na babu yake pamoja.

Hatua ya 3: Nenda ukasikilize mara ya kwanza bila kalamu

Kalamu iache, simu iache mfukoni. Salimia vizuri, jitambulishe, sema unafundisha nini na wapi, sema unataka nini na watoto watapata nini, kisha nyamaza. Ukitoa daftari dakika ya pili mtu anaanza kuongea kama yuko mahojiano, anakupa majibu mafupi yaliyonyooka, na wewe unachotaka ni yale marefu yaliyopinda.

Uliza zaidi "ulijuaje" kuliko "unajua nini". Ulijuaje kwamba huu mti si ule mwingine? Ni lini ishara hii ilikudanganya? Hilo la mwisho ni swali la dhahabu, mjuzi wa kweli atakutajia mwaka ambao ishara ilikataa na atakuambia anafikiri kwa nini. Anayesema haijawahi kukosea hata siku moja, muheshimu, ila tafuta na mwingine.

Hatua ya 4: Ridhaa, kwa mdomo na kwa karatasi

Karatasi iwe ukurasa mmoja kwa lugha anayoielewa, isomwe kwa sauti, na iseme mambo haya: tutaandika nini, tutarekodi au hatutarekodi, nani ataona, itakaa wapi, jina lako litatajwa au la, na ukibadili mawazo unaweza kusema tufute. Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa jamii asilia la mwaka 2007, kifungu cha 31, linasema wazi kwamba jamii hizi zina haki ya kutunza na kumiliki maarifa yao. Kwaiyo hii karatasi si hisani yako. Simu sasa unaweza kuitoa, kama umeruhusiwa.

*Onyo:* ukiambiwa "hili tusilizungumze" funga mdomo hapohapo, usirudi kwa mlango wa nyuma kupitia mjukuu wake aliye darasani kwako. Nimeona mwalimu akifanya hivo na kijiji kizima kikamfungia. Na sehemu za mti adimu au za matambiko msiziweke kwenye ramani ya simu hata kama ni kwa ajili ya mradi tu, ramani ikishatoka haijui mradi.

Hatua ya 5: Andaa wanafunzi kabla mgeni hajaja

Vipindi viwili vinatosha. Cha kwanza wape mifano ya kweli, na chagua mifano ambayo inaonyesha njia ya kujua, siyo ya kushangaza tu. Mimi natumia hii mitatu:

Wa kwanza, kilimia. Watoto wengi hawajui kuwa lile kundi dogo la nyota lina jina kwa Kiswahili na jina lenyewe lina kulima ndani yake, na kuna msemo wa kale: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sasa ng'ambo huko, milima ya Andes, wakulima wa Peru na Bolivia wamekuwa wakiziangalia nyota hizohizo mwezi Juni kabla ya alfajiri, zikionekana hafifu wanachelewesha kupanda viazi kwa sababu wanategemea mvua haba. Mwaka 2000 watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature maelezo yake: miaka ya El Niño mawingu membamba ya juu yasiyoonekana kwa macho huongezeka, yanapunguza mng'ao wa nyota, na miaka hiyohiyo mvua ya huko hupungua. Wakulima walikuwa wanapima mawingu bila kuyaona. Waache wanafunzi wakae na hilo kidogo, usikimbilie mfano wa pili.

Wa pili, nyangumi. Mwaka 1977 tume ya kimataifa ya nyangumi ilipiga marufuku uwindaji wa nyangumi wa kichwa-upinde Alaska kwa kuwa hesabu za wanasayansi zilionyesha wamebaki wachache sana. Wawindaji wa Iñupiat, wenyeji wa asili wa huko Alaska, wakasema hapana, mnahesabu wanaopita kwenye maji wazi tu karibu na pwani, wengine wanapita mbali na wengine chini ya barafu. Zikawekwa maikrofoni za majini, nyangumi wakasikika wakipita chini ya barafu kweli. Hesabu ya mwaka 2001 ilifika kama elfu kumi. Huu mfano ni kwa wale wanafunzi (na walimu) wanaodhani kazi yetu ni sayansi kuwasahihisha wazee tu.

Wa tatu, ndege wa asali, yule anayewaongoza watu kwenye mizinga ya porini. Wayao wa Niassa, Msumbiji, wana mlio wao wa kumwita na walisema unafanya kazi. Watafiti wakaujaribu pamoja na wawindaji asali wenyewe, wakalinganisha na sauti nyingine za kawaida, na mwaka 2016 wakaripoti kwamba kwa mlio wa Wayao uwezekano wa kuongozwa na ndege ulikuwa asilimia 66, kwa sauti nyingine ni kama 33. Hapa darasa linajifunza nini maana ya kulinganisha. Swali la kuwauliza: kwa nini hawakupiga ule mlio tu wakahesabu mara ngapi ndege alikuja?

Kipindi cha pili ni adabu na maswali. Waandike maswali, muyachambue pamoja, mfute ya ndiyo na hapana. Na kitu kimoja ambacho nasisitiza mpaka nachosha: wakati uliopo. Wanafunzi wataandika "wazee waliamini kwamba..." Futa. Andika "mzee anaona kwamba...", "wavuvi wanasema...". Hawa watu wako hai, jana walikuwa kazini. Na neno "imani" libaki kwa mambo ya imani, mtu aliyehesabu siku kati ya maua na mvua kwa miaka thelathini hajaamini, amehesabu.

Hatua ya 6: Kipindi kifanyike nje, na mzee ndiye mwalimu

Wapeleke wanafunzi kwake. Mtoni, shambani, ufukweni, penye jambo lenyewe. Mjuzi anakumbuka kwa kuona, ukimtoa kwenye mazingira umemkata nusu ya maneno. Mpe kipindi kizima cha mara mbili au asubuhi nzima, wewe kaa pembeni na wanafunzi, uliza kama mwanafunzi. Usitafsiri kila sentensi kuwa ya kisayansi, yaani mzee anasema kitu na wewe unarukia "anachomaanisha hapa ni transpiresheni". Hajamaanisha hivo. Kaandike pembeni utakuja nalo darasani.

Majina ya wenyeji yaandikwe kama yanavyotamkwa, kwa lugha yake, kabla ya jina la Kilatini. Mara nyingi jina lenyewe limebeba taarifa, mmea unaitwa kwa mahali unapoota au kwa mnyama anayeula. Na wakati mwingine wenyeji wana majina matatu kwa kitu ambacho kitabu kinaita kimoja, au kinyume chake. Hiyo tofauti ni somo zima la uainishaji, usiinyooshe ili ifanane na kitabu.

Hatua ya 7: Tengenezeni jedwali, na mwachieni mzee alikosoe

Hii ndo hatua nzito kuliko zote kwaiyo nitakaa hapa.

Kwanza kubalianeni maana. "Mti umechanua" ni ua moja au nusu ya matawi? "Mvua" ni manyunyu au inayolowesha udongo? "Inakaribia" ni siku mbili au wiki tatu? Muulizeni mzee, si kukisia. Siku moja darasa langu lilipima wiki nne likasema ishara imeshindwa, kumbe mzee alikuwa anazungumzia mvua ya kupandia, sisi tulihesabu kila tone.

Halafu jedwali lenyewe. Kosa la karibu kila mtu ni kuandika zile siku ishara ilipotokea na mvua ikanyesha, basi. Hizo ndo siku zinazokumbukwa. Unahitaji visanduku vinne: ishara ipo na mvua ikaja, ishara ipo na mvua haikuja, ishara haipo na mvua ikaja, ishara haipo na mvua haikuja. Nakupa mfano wa nambari za kutunga, si za popote. Mmeangalia siku 60. Ishara ilionekana siku 10, mvua ikafuata mara 7. Siku 50 hapakuwa na ishara, mvua ikafuata mara 20. Mwanafunzi mwenye haraka atasema mvua 20 zilikuja bila ishara na 7 tu zilikuja na ishara, kwaiyo ishara haina maana. Mwambie agawanye: 7 kwa 10 ni asilimia 70, 20 kwa 50 ni asilimia 40. Ishara inaongeza kitu. Hapo umefundisha uwezekano, ulinganisho na adabu ya data kwa mpigo mmoja, na hujaandika neno gumu ubaoni.

Kumbuka pia msimu. Ukipima katikati ya masika kila ishara itaonekana mtabiri hodari, hata mbwa akipiga chafya, kwa sababu mvua inanyesha kila siku hata hivyo. Anza kabla msimu haujaanza.

Zamu za kuandika ziwe na majina, na siku isiyoandikwa ibaki wazi. Msijaze kwa kukumbuka. Afadhali tundu kuliko uongo.

Hatua ya 8: Rudini kwa mzee na matokeo

Walimu wengi wanaruka hii. Wanachukua data, wanaandika ripoti, wanatundika ukutani, kwaheri. Rudini mkae naye msome jedwali pamoja. Ataona vitu ambavyo nyinyi hamjaviona, atawaambia siku ile mliandika hapana ishara upepo ulikuwa umetoka upande gani, atawaambia mti mliokuwa mnaangalia umepandwa karibu na bomba la maji ndo maana unachanua ovyo.

Waaustralia wenyeji wa kaskazini kwa muda mrefu walisema kuna ndege, mwewe na jamaa zake, wanaookota vijiti vinavyowaka na kwenda kuviangusha kwingine ili moto ufukuze mawindo. Wengi walidharau. Mwaka 2017 watafiti wakishirikiana na watu wa huko walichapisha ushahidi uliokusanywa kutoka kwa walioona kwa macho yao, wenyeji na wasio wenyeji. Walirudi kwa wenye maarifa tena na tena, na hicho tu ndicho ninachotaka ukichukue hapo.

Hatua ya 9: Alama

Kama haitolewi alama wanafunzi wataichukulia ni burudani, tusidanganyane. Lakini usitoe alama kwa kukariri alichosema mzee. Toa alama kwa: ameeleza kwa usahihi chanzo cha taarifa na ridhaa yake, amefafanua ishara ili mtu mwingine aweze kuitazama, amejaza visanduku vyote vinne, amesema nini data haiwezi kusema. Hilo la mwisho mimi nalipa alama nyingi kuliko yote. Kwenye ripoti mzee atajwe kama chanzo kwa jina au bila jina kadiri alivyochagua, mahali palepale ambapo kitabu kingetajwa.

Hatua ya 10: Rudisha

Nakala ya daftari, picha, sauti, vyote virudi kwa jamii kabla havijaenda popote. Kuna kanuni za CARE za mwaka 2019 kuhusu data za watu wa jamii asilia, kwa ufupi zinataka data iwanufaishe wenyewe na wao ndo wawe na kauli juu yake. Kwa kiwango cha shule maana yake ni rahisi: ukitaka kuipeleka kwenye maonesho ya sayansi uliza tena, ridhaa ya darasani haikuwa ya maonesho.

Ikikwama

*Wazazi wanasema ni ushirikina.* Waonyeshe jedwali. Usibishane. Mzazi akiona visanduku vinne na kipima mvua cha chupa kelele hupungua. Na kama kweli mlikuwa mmeingia kwenye matambiko, wazazi wana haki, hiyo haikuwa kazi yako.

*Mwalimu mwenzangu wa sayansi anacheka.* Mpe kazi ya kuhakiki jedwali. Wanaocheka sana huwa wahakiki wazuri. Ukitaka mfano wa kumnyamazisha mwambie habari ya kisiwa cha Simeulue, Indonesia: tsunami ya 1907 iliwaachia neno smong, yaani tsunami kwa lugha yao, na simulizi kwamba ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004 watu wa kisiwa hicho, kama elfu 78, walikuwa karibu kabisa na chanzo cha tetemeko, na waliokufa ni saba.

*Data inapingana na mzee.* Kwanza kagua fasili na vipimo vyenu, manake mara nyingi kosa liko hapo. Pili kagua muda, msimu mmoja haushindi kumbukumbu ya miaka hamsini wala hauithibitishi. Tatu, inawezekana kweli ishara haifanyi kazi, semeni hivo kwa heshima mbele yake, hajatengenezwa kwa sukari. Nne, na hii inazidi kutokea: ishara ilifanya kazi zamani na sasa imeanza kukosea. Miti huweza kufuata joto wakati mvua inafuata mambo mengine, joto likipanda vile viwili vinaachana. Wazee wengi wameshaliona hilo wenyewe. Waulize ni tangu lini, hapo mna mradi wa mabadiliko ya tabianchi ambao hakuna kitabu kitakupa.

*Shule iko mjini, wanafunzi wametoka kila kona, mzee simuoni.* Kila mwanafunzi apige simu moja nyumbani aulize ishara moja. Mtapata orodha ndefu inayogongana, hiyo kugongana ndo utamu: ishara ya pwani haifai mlimani. Chagueni moja inayoweza kuonekana hapo mlipo. Msichanganye zote mkaita "maarifa ya wazee wetu", kila moja iandikwe na mahali ilipotoka.

*Mjuzi amekataa kabisa.* Sawa. Mshukuru, ondoka. Usimtafute jirani yake atoe yaleyale. Fundisha mwaka huu kwa mifano iliyochapishwa kama hiyo niliyokupa, mwakani pengine atakuita mwenyewe akishaona huna papara.

*Muda wa silabasi hautoshi.* Mradi huu hauongezi mada, unabeba mada. Ukipanga vizuri hali ya hewa, takwimu na uandishi wa ripoti vyote vimeingia humo. Anza na darasa moja, usianze na shule nzima.

*Mzee amefariki katikati ya mradi.* Ilinitokea. Simamisha kurekodi na kucheza sauti yake, nenda msibani kama mtu, na data isubiri. Kwa jamii nyingi za wenyeji wa Australia, kwa mfano, picha na sauti ya marehemu haionyeshwi mpaka familia iseme, na kwingine ni tofauti, kwaiyo usikisie. Baada ya muda ulizeni familia: sauti ibaki, ifutwe, au irudi kwao? Kwetu walisema irudi, tukafuta kwenye simu zote tukiwa tumekaa nao, na mjukuu wake ndiye aliyemalizia zamu zilizobaki za kusoma kipima mvua.